Chungu cha Maharage na Tabianchi: Kwa Nini Mkaa Hauondoki Jikoni

Kaya nyingi za mijini nchini Tanzania tayari zina mtungi wa gesi, na bado zina gunia la mkaa nyuma ya mlango. Hali hii huwashangaza wapanga mipango, lakini haimshangazi mpishi. Gesi huchemsha chai na kukaanga mayai; mkaa husubiri maharage, makande na kongoro. Wanaohimiza mabadiliko ya mtindo wa maisha ili kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi wamezoea kuuliza iwapo kaya ina jiko safi. Makala haya yanapendekeza swali jingine: ni chakula gani kinachoubakiza mkaa nyumbani?

Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hugharimu kilo kadhaa za kuni, aghalabu kati ya 5 na 10. Sehemu kubwa ya nishati ya mti hupotea porini, kabla gunia halijapakiwa kwenye lori. Kwa kuwa kuni hizo huungua kwa uhaba wa hewa, tanuri hutoa pia methani, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 20 huipasha dunia joto takriban mara 80 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule. Miti ya miombo ina tabia njema ya kuchipua tena kwenye visiki, ila huhitaji kuachwa kwa miaka mingi, na soko la mjini halina subira hiyo.

Kwa upande wa afya, mkaa hudhaniwa kuwa salama kwa sababu hautoi moshi mwingi kama kuni. Dhana hiyo ni ya hatari. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Katika nyanda za juu zenye baridi, jiko likiingizwa chumbani usiku na madirisha yakafungwa, waliolala wanaweza wasiamke. Kwa mjamzito madhara huja polepole: kijusi hupungukiwa oksijeni, na hatari ya mtoto kuzaliwa na uzito pungufu huongezeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu itokanayo na upishi wa majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, umelenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Lengo hilo likipimwa kwa kuhesabu mitungi iliyogawiwa, tutajidanganya. Gesi yenyewe ni mafuta ya visukuku. Ni nafuu kubwa kwa mapafu, na kwa msitu, lakini si mwisho wa safari. Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Fikra ya kijasiri, kwa maoni yetu, ni kuupeleka umeme huo kwenye chungu cha maharage hasa, pale ambapo mkaa umejichimbia.

Hili si jambo la kufikirika. Presha kuka ya umeme hupika kilo moja ya maharage yaliyolowekwa kwa chini ya uniti moja ya umeme. Kikwazo ni bei ya chombo: anayenunua mkaa kwa kopo kila jioni hawezi kutoa fedha za presha kuka kwa mkupuo. Mikopo ya vikundi vya kuweka na kukopa ingefaa zaidi hapa kuliko mabango ya hamasa.

Asiye na presha kuka ana njia nyingine. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, na sufuria ifunikwe wakati wote. Wapo wanaotumia kapu lenye matambara au pamba, ambamo sufuria iliyochemka huzamishwa ili chakula kiendelee kuiva kwa joto lake chenyewe. Tahadhari moja ni ya lazima: maharage, hasa mekundu, yana sumu asilia inayosababisha kutapika na kuharisha, na sumu hiyo haiondolewi na joto la wastani. Ni lazima yachemke kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kuingizwa kapuni, kisha yachemshwe tena kabla ya kuliwa. Magadi nayo hulainisha maharage upesi, lakini huongeza sodiamu na kuharibu vitamini B1; mwenye shinikizo la damu ayaepuke.

Kliniki za wajawazito na watoto zina nafasi ambayo wizara zinazoshughulikia nishati hazina, kwani mama hufika hapo mara kwa mara na huulizwa anakula nini. Muuguzi anaweza kuongeza maswali mawili: maharage hupikwa kwa nishati gani nyumbani, na mtoto huwa wapi yanapochemka? Jibu la swali la pili hubadilishika siku hiyohiyo bila gharama, kwa kulitoa jiko nje na kumweka mtoto mbali nalo. La kwanza litahitaji miezi, na pengine mazungumzo na anayeshika fedha za nyumba.