SOMO: CHUMVI NA PILIPILI MEZANI

Ndugu zetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu husafiri bara kwa kazi na biashara. Huenda mmoja wao akafika Ainabkoi, katika nyanda za baridi karibu na Eldoret, akaingia hoteli iuzayo nyama ya halali. Huletewa sima, sukuma wiki na nyama ya kuchoma, na kando yake fungu dogo la chumvi. Naye, kabla hajaonja, husema: "Chakula gani hiki kisicho ladha? Leteni pilipili!" Mpishi husikia, na wote walioketi husikia.

Yatupasa tujue kosa ni lipi. Kuomba pilipili si kosa. Muslim amepokea kwa Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza watu wa nyumbani kitoweo, wakamwambia hawana ila siki, akaitaka, akaila na kuisifu. Kosa ni kukitia chakula aibu. Abu Huraira amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume hakupata kukiaibisha chakula: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha.

Tena desturi zatofautiana. Kwetu pwani viungo huingia chunguni kwa mkono wa mpishi, na mgeni atiaye chumvi kabla ya kuonja huwa kama amwambiaye mwenye nyumba kuwa hajui kupika. Kule bara nyama huchomwa, na chumvi huwekwa kando ili kila mtu achovye apendavyo. Kuchovya huko si kumtukana mtu, bali ndivyo ilivyokusudiwa. Kadhalika mursik, maziwa ya Wakalenjin yagandishwayo katika kibuyu kilichopakwa unga wa mkaa, wenyewe huwapa wageni kwa heshima. Asiyeyaweza na ashukuru, asikunje uso.

Wako pia wasemao kuwa ni suna kuanza na kumaliza chakula kwa chumvi. Hadithi hiyo Ibn al-Jawzi ameihesabu miongoni mwa zilizozuliwa. Atakaye chumvi na aile, lakini asimsingizie Mtume.

Basi tushike haya: tuonje kwanza, tuombe kwa upole, kisha tushukuru, na katika sahani ya shirika, tutie upande wetu tu. Mwenyeji wa bara huenda asisome kitabu chetu hata kimoja, lakini maneno yetu mezani huyasikia, na kwa hayo hutupima sisi na dini yetu.