Unyoya Mweupe au Mweusi? Somo la Uvuvi wa Usiku

Katika Buyenzi yetu hakuna mtoto asiyejua ladha ya mukeke wa kuchoma. Lakini nikiuliza kwa nini samaki huyo huvuliwa usiku, tena kwa taa, napata majibu ya kila namna. Kijana mmoja aliniambia kwamba samaki huja kuota moto. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi, nilipokuwa darasa la nane, sikujua zaidi yake. Basi nawaandikia ninyi mlio bado darasani, na wenzangu tuliokwisha toka shuleni watanisahihisha nikikosea.

Kwanza tulitazame ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Duniani ni ziwa Baikal tu, la huko Urusi, linalolishinda kwa kina. Hata hivyo sehemu kubwa ya maji hayo haina samaki hata mmoja. Huku kwetu kaskazini, ukishuka kiasi cha mita mia moja, hewa ya oksijeni yaisha, na kiumbe mwenye kupumua hawezi kukaa. Ni kama nyumba ya ghorofa nyingi ambayo watu wote wamebanana katika ghorofa ya juu.

Katika ghorofa hiyo kuna safari ya kila siku. Vijidudu vidogo vya majini, ambavyo wataalamu huviita planktoni, hushuka mchana kwenye giza ili visionekane na kuliwa. Jua likizama hupanda juu kula. Ndagala huvifuata vijidudu, na mukeke humfuata ndagala. (Ukifika Kigoma usiulize ndagala wala mukeke, huko ni dagaa na mgebuka.) Taa ya mvuvi haifanyi jambo ila kukusanya msafara huo mahali pamoja. Vijidudu huja kwenye mwanga, walaji wao nao huja, na walaji wa walaji hawako mbali. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na kushona nyavu, kwa kuwa mwanga umeenea ziwa zima na taa ya mtu haina nguvu tena.

Wazee waliwasha kuni mbele ya mtumbwi na kuwachota ndagala kwa lusenga, wavu wenye mdomo wa duara na mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 Wagiriki waliokaa Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa hadi 1962, walileta nyavu kubwa za kuzungushia, na karabai zikachukua mahali pa kuni. Siku hizi wengi hutumia balbu za betri. Mambo ya nyavu nayaacha hapo, maana ninalotaka kusema hasa ni mshipi.

Mjomba wangu hakuwa na wavu. Alikuwa na mtumbwi, taa moja, na mshipi wa nailoni wenye ndoana nyingi zilizofuatana, na chini kabisa chubwi la risasi. Katika kila ndoana alifunga unyoya mweupe wa kuku, hana haja ya chambo kingine. Aliushusha mshipi, akaupandisha kwa kuuvuta kidogo kidogo, na mukeke akaudhania ndagala anayekimbia.

Mtasema huu ni ujanja wa ziwani kwetu. La, ni wa kale sana. Kiasi cha miaka 1,800 iliyopita mwandishi wa Kirumi, Aelianus, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kufunga manyoya mawili ya jogoo, mfano wa nzi aliyependwa na samaki wa mto wao. Uvuvi wa nzi wa bandia umeenea duniani, na huko Marekani wako watu wanaokesha ziwani wakimtafuta samaki aitwaye bass kwa ufito mwepesi na nzi wa manyoya. Bass si ndugu wa mukeke. Ndugu wa mukeke ni sangara wa ziwa Victoria. Lakini wote wawili ni wawindaji wenye macho makali na mdomo mpana.

Katika kitabu kimoja nilisoma kwamba wavuvi hao wa Marekani, usiku wa giza, huchagua nzi mweusi. Niliona ajabu, nikakisoma tena. Maelezo yalikuwa wazi. Samaki yuko chini anatazama juu. Mbingu, hata pasipo mwezi, ina weupe kidogo kuliko maji. Basi kitu cheusi huonekana kama kivuli kilichokatwa kwa mkasi. Tena bass husikia mtikisiko wa maji kwa mstari ulio ubavuni mwake, kwa hiyo nzi mnene anayesukuma maji humwita hata kabla ya kuonekana.

Siku zile karo yangu ilikuwa haijalipwa, na mjomba alikuwa ameahidi kwamba samaki wa juma lile ni wa karo. Mimi nami, kwa elimu yangu mpya, nilitaka kumsaidia. Alasiri moja, yeye akiwa msikitini, nilifungua manyoya meupe katika nusu ya ndoana nikafunga meusi ya jogoo wa jirani. Usiku tukatoka. Kila mshipi ulipopanda, mukeke walikuwa kwenye manyoya meupe tu, na meusi yalirudi kama yalivyokwenda. Mjomba alinyamaza mpaka mara ya nne, kisha akauelekeza mshipi kwenye taa.

"Mwanangu, haya ni kazi ya nani?"

"Yangu, mjomba. Nimesoma kitabuni."

"Na huyo mwenye kitabu, taa yake aliiweka wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu mwenye kitabu hakuwa na taa kabisa. Tulikaa tukifungua manyoya meusi kwa vidole vilivyokufa ganzi, na saa nzuri za usiku zikapita. Upepo ulipoanza tukarudi na nusu ya kapu. Karo ililipwa juma la pili yake, nami siku tatu nilisimama nje ya darasa.

Kitabu hakikusema uongo, wala mjomba hakukosea. Penye taa mambo hugeuka. Ndagala hujaa katikati ya mwanga, lakini mukeke hupenda kuzunguka pembeni, penye giza, akitazama ndani kama mtu aliye uani anayetazama chumba chenye taa. Nyuma ya unyoya hakuna mbingu, kuna maji meusi. Kinachong'aa ndicho kinachoonekana, na ndagala mwenyewe ana ubavu wa fedha. Nilichukua jibu la swali la mtu mwingine nikalitia katika mtihani wangu.

Mjomba hayupo tena, na ziwa nalo si lile. Wataalamu wamepima wakaona maji ya juu yamepata joto, na maji yenye joto huelea juu ya yale ya baridi wala hayachanganyiki upesi. Basi rutuba iliyolala chini haipandi kama zamani kulisha vijidudu. Wavuvi nao wamezidi. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazae. Mtu mwenye mshipi mmoja na karo ya kulipa huona miezi mitatu kuwa mirefu sana, nami simlaumu.

Mkitaka kuona wenyewe, tafuteni chupa kubwa ya kioo, maji, uzi na manyoya mawili, jeupe na jeusi. Ingieni chumba chenye giza, ning'inizeni manyoya ndani ya maji, na nyuma ya chupa wekeni kitambaa cheusi. Mulikeni kwa tochi kutoka juu, mtazame kwa ubavuni. Kisha ondoeni kitambaa, tundikeni karatasi nyeupe nyuma ya chupa na kuimulika hiyo karatasi peke yake. Andikeni ni unyoya upi ulioonekana kwanza kila mara, na mwenzenu aliye mbali zaidi na chupa aliona nini.