Kabla ya Kukimbilia Fomula

Karafuu zimeshaanikwa, na kuna kama nusu saa hivi kabla ya kuanua. Inatosha. Lete daftari na penseli, ukae kivulini.

Kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili, anza kwa kuhamishia kila kitu upande mmoja, upande wa pili ubaki 0: ax² + bx + c = 0. Wengi wanaruka hapa, kisha wanaulaumu mlinganyo.

Halafu kokotoa b² − 4ac, hata kama hujaambiwa. Ikitoka 0, 1, 4, 9, 16 au namba nyingine yenye kipeuo kamili, vigawo vipo, vitafute. Isipokuwa hivyo, usipoteze muda kuvisaka. Ikitoka hasi, hakuna namba halisi inayojibu. Andika hivyo, nenda swali la mbele.

Kwa vigawo, chukua x² − 7x + 12 = 0. Unataka namba mbili: ukizizidisha upate 12, ukizijumlisha upate −7. Ni −3 na −4. Kwa hiyo (x − 3)(x − 4) = 0, na x ni 3 au 4.

Njia wanayoiogopa wengi ni ya kukamilisha mraba, na mimi ndiyo niipendayo, kwa sababu inachoreka. Al-Khwarizmi aliichora Baghdad karne ya 9, katika kitabu kilicholipa somo la aljebra jina lake. Mfano wake mmoja ni x² + 10x = 39.

Sasa tazama jamvi hapo uani. Fikiria ni la mraba, kila upande x. Igawe 10 nusu kwa nusu: shona kipande cha upana wa 5 upande wa kulia, na kingine kama hicho chini. Eneo lote ni 39, lakini pembeni pamebaki pengo la 5 kwa 5. Lizibe kwa 25. Jamvi limekuwa mraba kamili wa 64, kila upande 8. Toa ile 5 uliyoongeza: x ni 3.

Yeye aliishia hapo, maana jamvi halina urefu hasi. Wewe usiishie hapo. Kipeuo cha 64 ni 8 au −8, kwa hiyo −13 nayo ni jibu. Skuli wanataka yote mawili.

Fomula ibaki kwa milinganyo mikaidi, kama 2x² + 3x − 4 = 0:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Hapa b² − 4ac ni 41, na kipeuo chake ni karibu 6.403. Majibu ni 0.85 na −2.35, kwa kukadiria. Angalia, 2a inagawa kila kilicho juu, si kipeuo peke yake. Na jizoeze kusoma kipeuo kwenye kitabu cha majedwali, uweze kukipata bila kikokotoo.

Mtego mmoja: x² = 5x. Ukigawa kwa x pande zote, unabaki na 5 na umeipoteza 0. Hamisha kwanza, kisha toa x nje ya mabano.

Kila jibu lirudishe kwenye mlinganyo wa mwanzo ulijaribu.

Haya, x² + 6x = 16, kwa jamvi. Ukipata 2 na −8, nenda kaanue karafuu.