Papai Bichi, Mwanga na Chaji: Kituo cha Utendaji cha Papeini

Katika nyua nyingi za Bagamoyo, na katika vijiji vilivyo kati ya mji huo na Dar es Salaam, mpapai huota karibu na jiko. Mpishi wa mishkaki hukwangua kipande cha papai bichi, akakichanganya na nyama, na baada ya muda nyama ngumu hulainika. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho papeini, kilichomo katika utomvu mweupe wa tunda changa, nacho hukata minyororo ya protini.

Papeini ni mnyororo wa asidi amino 212. Umbo lake lilifahamika mwaka 1968, pale Jan Drenth na wenzake huko Uholanzi walipolichunguza kwa eksirei. Lina sehemu mbili zenye ufa katikati, na kituo cha utendaji kimo ndani ya ufa huo. Hapo sisteini ya 25, yenye kundi la salfa na haidrojeni (SH), imeelekeana na histidini ya 159. Makundi yote mawili huweza kupokea au kuachia protoni. Kiwango cha pH ambapo nusu ya makundi ya aina moja yamekwisha kuachia protoni huitwa pKa. Sisteini iliyo huru majini ina pKa ipatayo 8.3, kundi la pembeni la histidini lina pKa ipatayo 6.

Kasi ya papeini ikipimwa katika pH mbalimbali, grafu hutoka mfano wa kengele: hupanda karibu na pH 4, hutulia, kisha hushuka karibu na 8.5. Kwa muda mrefu maelezo yalionekana mepesi. Ile 8.5 ilihesabiwa kuwa ya sisteini, kwa kuwa inafanana na ya majini, na ile 4 ikapewa kundi la kaboksili lililo jirani. Hoja hiyo ilikuwa na upungufu ambao mwanafunzi hana budi kuuona: grafu ya kasi huonyesha pKa ni ngapi, lakini haionyeshi ni ya nani.

Kwa swali la pili ilihitajika spektroskopia, yaani upimaji wa mwanga unaonyonywa na kitu. Kundi la SH hunyonya kidogo tu urujuanimno wa nanomita 240. Likiachia protoni, salfa hubaki na chaji hasi, na unyonyaji huongezeka sana. Tatizo ni kwamba sehemu nyingine za protini nazo hunyonya mwanga uo huo. Dawa yake ni kulinganisha kimeng'enya kizima na kile ambacho salfa yake imezibwa kwa kemikali. Tofauti inayobaki ni ya kundi lile moja. Kwa njia ya namna hiyo László Polgár wa Hungaria alionyesha mwaka 1974 kwamba salfa ya papeini huwa na chaji hasi hata katika pH iliyo chini sana ya 8.

Mwaka 1981 Lewis, Johnson na Shafer, huko Marekani, waliifuatilia histidini yenyewe kwa spektra za viini vya haidrojeni ndani ya uga sumaku. pKa yake ilikuwa karibu 8.6. Salfa ilipozibwa, ikashuka hadi karibu 4.3. Basi mpangilio uligeuka: 8.5 ni ya histidini, na 4 ni ya sisteini. Salfa yenye chaji hasi na histidini yenye chaji chanya huvutana, na kila moja huisaidia nyingine kudumisha chaji yake.

Uzito wa jambo hili huonekana kwa hesabu. Katika pH 6.5, kama pKa ya sisteini ingekuwa 8.5, salfa moja tu katika 101 ingekuwa na chaji hasi. Ikiwa ni 4, karibu zote zinayo, nayo ndiyo salfa inayoshambulia protini.

Zoezi. Vipande sawa vya ute wa yai lililochemshwa vitiwe katika mirija mitatu: wa kwanza uwe na maji na utomvu wa papai, wa pili utomvu na maji ya ndimu, wa tatu maji ya ndimu peke yake. Utomvu huwasha, usiguse ngozi wala macho. Mwanafunzi aeleze tofauti atakazoziona baada ya siku moja, kazi ya mrija wa tatu ni nini, na kwa nini maziwa yasingefaa badala ya yai.