Kwa Nini Akiba Huishia Njiani, na Jinsi ya Kuifikisha Mwisho

Mwezi wa kwanza kila mtu ana lengo. Kuna anayetaka kulipa karo bila mtoto kurudishwa nyumbani, anayetaka pikipiki yake mwenyewe, na anayetaka kuongeza ng'ombe wa pili wa maziwa. Halafu mwezi wa tatu unafika. Hapa Uasin Gishu ni wakati wa kutayarisha shamba, mbegu na mbolea zinahitaji pesa, na ile akiba inaanza kuguswa. Kufika mwezi wa sita, hata kuangalia salio mtu hataki.

Wengi wetu tukifika hapo tunajilaumu: "Mimi sina nidhamu." Hebu tuliangalie jambo hili vizuri kidogo. Mara nyingi nidhamu ipo. Kinachokosekana ni nafasi ya wiki mbaya ndani ya mpango wenyewe. Mpango ulitengenezwa kana kwamba biashara itakuwa nzuri kila siku, hakuna atakayeugua, na hakuna mchango wa matanga utakaokuja. Wiki mbaya lazima ije, na mpango usio na nafasi yake huanguka siku ile ile inapofika.

Lengo hufa siku gani?

Tuchukue mfano wa mtu wa boda boda hapa mjini. Anataka shilingi 36,000 za malipo ya kwanza ya pikipiki. Ameamua kuweka shilingi 100 kila siku. Hesabu ni rahisi: siku 360, karibu mwaka mzima.

Siku ya 60 ana shilingi 6,000. Mvua inanyesha wiki nzima, abiria ni wachache, na anakosa kuweka kwa siku 10. Je, amepoteza nini? Siku 10 tu. Badala ya kufika siku ya 360, atafika siku ya 370.

Lakini sivyo tunavyofikiria. Tukikosa siku 10 tunasema, "Hii kitu imeshindikana," kisha tunatoa zile 6,000 na kuzitumia. Kwa hivyo lengo halikufa ile wiki ya mvua. Lilikufa siku ambayo mwenyewe alihesabu kuchelewa kama kushindwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukiyatenganisha kichwani umeshapiga hatua kubwa.

Sanduku na ufunguo wake

Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa magharibi mwa Kenya ambao unatufaa sana. Watafiti wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, waliuchapisha mwaka 2013. Walifanya kazi na wanachama wa vyama vya kuchangiana, watu wa kawaida waliotaka kuweka akiba kwa ajili ya mambo ya afya, kama kununua neti ya mbu.

Baadhi yao walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakakaa nao wenyewe. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukashikwa na mtu wa mradi. Halingefunguliwa mpaka lengo lifikiwe.

Ukiulizwa, ungesema sanduku lipi lilisaidia zaidi? Wengi wangechagua lile la pili, kwa sababu pesa haziguswi. Ilikuwa kinyume. Wenye ufunguo wao waliweza kununua vitu vya kinga zaidi ya wasiopewa sanduku. Wale ambao ufunguo ulishikwa na mtu mwingine hawakupata faida hiyo, kwa sababu watu waliogopa kufungia pesa mahali ambapo hawangezifikia dharura ikitokea.

Swali ni, kama mtu ana ufunguo, sanduku linamsaidia vipi? Linazipa pesa jina. Pesa za mfukoni ni za kila mtu: za soda, za nauli, za rafiki anayeomba mia mbili. Pesa zikishakuwa na kazi yake na mahali pake, ni rahisi kusema "hizi zina kazi" bila kugombana na mtu.

Kilichosaidia zaidi kwa ununuzi wa vitu hivyo kilikuwa mfuko wa pamoja ndani ya chama, ambapo wenzako wanajua unachangia kitu gani. Na wale waliopewa akaunti maalum ya dharura za kiafya waliweza kukabili ugonjwa vizuri zaidi ulipotokea.

Kwa hivyo akiba inayodumu ina jina, ina watu wanaoijua, na ina njia ya kushughulikia dharura. Kuibana mpaka isiguswe kabisa sio dawa.

Hata Kipchoge alikosa

Huwezi kuongea kuhusu uvumilivu Eldoret bila kutaja wakimbiaji wetu. Eliud Kipchoge, anayefanyia mazoezi Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris mwaka 2003. Lakini mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London.

Alibadilisha njia. Mwaka 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda. Mei 2017, kule Monza, alijaribu kumaliza marathoni chini ya saa 2 akakosa kwa sekunde chache tu: 2:00:25. Alirudi kwenye mazoezi. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alimaliza kwa 1:59:40.

Kati ya Monza na Vienna ni zaidi ya miaka 2. Tena anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwenye daftari, miaka nenda miaka rudi. Ukiwa na daftari, siku moja mbaya inakuwa mstari mmoja kati ya mistari mingi. Bila daftari, siku hiyo moja inaonekana kama habari yote.

Hatua tano za kuanza nazo

1. Andika kiasi na tarehe. "Nataka kuweka pesa" sio lengo. "Shilingi 24,000 za karo kufikia Desemba" ni lengo. Kama menyu yako ya akiba inakubali, ipe akiba hiyo jina.

2. Weka pesa zinapoingia, sio zinapobaki. Mama mboga aweke jioni akifunga kibanda. Anayelipwa pesa za maziwa kila mwezi aweke siku ile ile ya malipo. Mkulima wa mahindi atenge sehemu akishauza mavuno, maana hapo ndipo pesa ziko.

3. Tenganisha lengo na dharura. Turudi kwa yule mtu wa boda. Kati ya shilingi 100, aweke 80 kwa pikipiki na 20 kwa dharura. Baada ya siku 150, dharura ina 3,000 na pikipiki ina 12,000. Sasa aelekeze 100 zote kwa pikipiki. Zile 24,000 zilizobaki zitachukua siku 240. Jumla ni siku 390 badala ya 360. Amechelewa mwezi mmoja tu, lakini mtoto akiugua hatagusa pesa za pikipiki, wala hatalazimika kuchukua mkopo wa haraka wenye ada juu yake.

4. Mwambie mtu mmoja. Mke, mume, dada, au mwenzako wa chama. Akuulize kila Jumapili, "Umeweka ngapi?" Mweleze lengo lako, lakini namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata huyo.

5. Amua mapema utarudi vipi. Andika leo: "Nikikosa, siku inayofuata naweka hata shilingi 20." Usijaribu kulipia siku zote ulizokosa kwa mara moja, utachoka tena. Na ukikosa mara tatu mfululizo, punguza kiasi. Shilingi 50 za kila siku zinafika mbali kuliko 200 za wiki moja.

Tahadhari moja. Mtu akichoka kungoja, ndipo anaponaswa na jumbe za "tuma 1,000 upate 5,000." Hakuna njia kama hiyo. Ukipata ujumbe wa aina hiyo, usitume chochote.

Kama uliacha lengo lako mwezi wa tatu, pesa ulizokuwa umeweka zilikufundisha kitu: unajua kiasi unachoweza, na unajua wiki gani hukuangusha. Fungua menyu ya akiba leo jioni, andika kiasi na tarehe mpya, kisha weka hata shilingi 50. Kesho weka tena.