Pensheni ya Serikali: Je, Mchango wa Mfanyakazi Ndio Dawa?

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi, lakini aliyenifundisha maana yake ni babu yangu. Babu alisomesha shule ya msingi miaka 30. Alipostaafu aliambiwa angoje barua. Alingoja, lakini wapi! Kila alipofika afisini aliambiwa, "Mzee, faili lako halijaonekana, rudi mwezi ujao." Nauli ilitoka kwa ndizi alizouza nyanya. Alikaa miaka miwili kabla ya kuona hata senti moja.

Sasa dada yangu naye ni mwalimu, aliajiriwa mwaka wa 2022. Juzi alinionyesha hati yake ya mshahara akinung'unika, "Ona wanavyonikata, eti ya uzeeni!" Ndipo nikaamua kuichunguza habari hii. Wanachama wenzangu, tujifunze pamoja.

Kwanza tujue maneno. Pensheni ni malipo ya kila mwezi apewayo aliyestaafu. Kiinua mgongo ni fungu la pesa litolewalo mara moja, kana kwamba kumwinua yule aliyeinama kazini miaka mingi.

Pili, mpango wa zamani. Chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, mfanyakazi hakuichangia pensheni yake. Serikali ndiyo iliyolipa yote kutokana na kodi. Hesabu yake ni hii: chukua mshahara wa mwaka, zidisha kwa miezi ya utumishi, kisha gawanya kwa 480. Aliyepata shilingi 20,000 kwa mwezi na kutumikia miezi 360 alistahili shilingi 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi. Akitaka kiinua mgongo, aliachilia robo ya pensheni hiyo.

Uzuri wake ni kwamba mtu alijua atakachopata. Ubaya ni kwamba hapakuwa na akiba. Kodi ya leo ililipa kazi ya jana. Mwaka wa 2009 umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60, lakini huko kulikuwa kuahirisha deni tu, si kulilipa.

Tatu, mpango mpya. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 2012, ikaanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2021. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima; waliozidi hapo walipewa hiari. Mfanyakazi alikatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na 7.5 kuanzia wa tatu. Serikali huongeza asilimia 15. Kwa mshahara wa shilingi 20,000, hiyo ni 1,500 na 3,000, jumla 4,500 kila mwezi. Pesa hizo huwekezwa ili zizae.

Je, dada yangu ana haki ya kunung'unika? Kwa maoni yangu, kukatwa si kubaya, kwani akiba haiozi. Lakini tusidanganyane. Zamani serikali iliahidi kiasi cha pensheni; sasa inaahidi mchango tu. Uwekezaji ukienda mrama, atakayeumia ni mstaafu. Kwa hivyo mageuzi haya yatafaa kwa masharti matatu: serikali itoe asilimia zake 15 kila mwezi bila kuchelewa, kila mwanachama aonyeshwe akiba yake kila mwaka, na malipo yaanze mara tu mtu anapostaafu. Bila hayo, tutakuwa tumebadilisha hesabu tu, na mzee bado atatafutiwa faili.

Nilipomsomea babu makala haya alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, mwambie dada yako atunze kila karatasi."

Zoezi: Mwalimu anapata shilingi 30,000 kwa mwezi. (a) Akitumikia miezi 240 chini ya mpango wa zamani, pensheni yake ya mwezi ni ngapi? (b) Katika mpango mpya, yeye na serikali huweka jumla ya shilingi ngapi kila mwezi kwa viwango vya sasa? (c) Wewe ungechagua upi? Toa sababu, tujadiliane chamani.