Baada ya Vyeti Kugawiwa
Mwongozo wa kupima matokeo ya mafunzo ya kazi yanayogharamiwa na ruzuku

Kijitabu hiki ni cha walimu wa ufundi, kamati za miradi na maofisa wa halmashauri wanaosimamia mafunzo ya vijana kwa fedha za wafadhili. Mfadhili naye akikisoma, si vibaya.

Taarifa za mwisho wa mradi hufanana. Vijana wamedahiliwa, wengi wamehitimu, vyerehani vimenunuliwa, mgeni rasmi amekabidhi vyeti. Yote yanaweza kuwa kweli, na yote yanaeleza mradi ulifanya nini. Kijana aliyerudi mtaani na cheti chake amepata nini, taarifa haisemi.

Kazi ni ipi?

Swali “Una kazi?” halitoshi. Kwa kipimo cha kimataifa cha takwimu za ajira, mtu aliyefanya kazi ya malipo au faida hata kwa saa moja tu ndani ya wiki moja huhesabiwa kuwa na ajira. Kipimo hicho kinafaa takwimu za taifa zima. Ukikileta kwa wahitimu wa ushonaji, aliyepunguza suruali moja ya jirani atahesabiwa sawa na mwenye kibanda sokoni na oda za sare za shule.

Uliza hivi: mwezi uliopita ulifanya kazi siku ngapi? Ni kazi ya fani uliyosomea? Ukishatoa uzi, kitambaa, umeme na kodi ya kibanda, ulibaki na shilingi ngapi? Swali hili la mwisho liulizwe taratibu, maana wengi hutaja mauzo wakidhani wanataja faida, na fundi anayekula hasara akaonekana tajiri kwenye dodoso. Ukirudi mwaka unaofuata, rudi mwezi uleule. Fundi cherehani wa Januari, shule zinapofunguliwa, si yule wa Aprili kwenye mvua.

Marekani wana njia rahisi zaidi. Sheria yao ya mafunzo ya kazi ya mwaka 2014 inataka wahitimu wahesabiwe katika robo ya pili na ya nne ya mwaka baada ya kutoka kwenye programu, na sehemu kubwa ya taarifa hizo hutoka kwenye kumbukumbu za mishahara zinazowasilishwa na waajiri. Kwetu njia hiyo haifiki mbali. Fundi aliyejiajiri chini ya mwembe hana mwajiri wa kumpeleka NSSF. Hapa ni kupiga simu, na simu isipopokelewa, ni kwenda kwa miguu.

Wasiopatikana

Laini hubadilishwa, simu huibiwa, vijana huhamia mjini. Kwa hiyo siku ya kudahiliwa, kwa ridhaa ya kijana, andika pia namba ya mzazi au mlezi, ya rafiki mmoja, na mtaa anakoishi.

Hata hivyo hutawapata wote. Tuseme wahitimu ni 120, umewapata 70, na 49 kati yao wana kazi. Ukiandika “asilimia 70 wana kazi” umegawanya kwa 70. Ukigawanya kwa 120, unapata asilimia 41 ambao una hakika nao. Wale 50 huenda wamefanikiwa wakawa hawana muda wa simu yako, huenda wamekwama wakaona aibu kupokea. Andika hesabu zote mbili, na useme wazi umewakosa wangapi.

Kama mradi usingekuwepo

Hapa ndipo miradi mingi hujisifu kwa kisicho chake. Mtu huomba mafunzo akiwa amekwama: kibarua kimeisha, duka limefungwa. Mchumi Orley Ashenfelter alionyesha mwaka 1978 kwamba kipato cha waliojiunga na mafunzo Marekani kilikuwa kimeshuka muda mfupi kabla ya kujiunga. Aliyeshuka kwa bahati mbaya ana nafasi ya kupanda hata asipofundishwa. Kulinganisha kabla na baada, basi, huupa mradi sifa ambazo huenda ni za muda tu.

Dawa yake ilionekana kaskazini mwa Uganda. Serikali ilialika vikundi vya vijana waombe fedha za kujifunza ufundi na kununua vifaa. Vikundi 535 vilivyostahili vilizidi fedha zilizokuwepo, kura ikaamua, na mwaka 2008 vikundi 265 vikapewa, wastani wa dola 382 hivi kwa kila mwanachama. Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez wakawafuatilia waliopata na waliokosa. Baada ya miaka minne, kipato cha waliopata kilikuwa juu kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa, pengo hilo la kipato lilikuwa limezibika. Waliopata hawakuanguka, waliokosa ndio waliowafikia. Hata hivyo, waliopata walibaki na mali nyingi zaidi, na wengi zaidi walikuwa kwenye kazi za ufundi.

Kwa maoni yetu, mradi ule haukushindwa. Miaka kadhaa ya kipato kizuri zaidi, mtu akiwa katika umri wa kuanza familia, si jambo dogo. Lakini aliyepima mwaka wa nne tu angetangaza umaskini umekwisha, na aliyepima mwaka wa tisa tu angelalamika kuwa fedha zimeliwa. Kila takwimu ya kipato iandikwe pamoja na muda uliopita tangu mafunzo.

Chuo kidogo nacho kinaweza kupiga kura ya wazi pale waombaji wanapozidi nafasi, kisha kikawapigia simu na waliokosa. Jihadhari pia na malipo ya mfadhili yanayofungwa kwenye idadi ya walioajiriwa: mwalimu ataanza kuchagua wenye kidato cha nne na mjomba kiwandani, na yule binti aliyeacha shule ataambiwa asubiri awamu ijayo.

Ufuatiliaji unahitaji fedha, na ruzuku nyingi hufungwa mahafali yakiisha. Kwa hiyo vocha za simu, nauli na posho ya mdodosaji, kwa mwaka mmoja angalau baada ya mafunzo, ziingizwe kwenye bajeti tangu andiko la mradi linapopelekwa kwa mfadhili.